Kabla Dirisha la Mikopo Halijafunguliwa

Kila mwaka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania inapotangaza majina ya waliopangiwa mikopo, nasikia lalamiko lile lile kutoka kwa wazazi wa wanafunzi niliowafundisha: kijana ambaye mtaa mzima unajua kwamba hana baba, na ambaye masomo yake ya sekondari yalilipiwa kwa michango ya waumini, amekosa mkopo au amepangiwa kiasi kisichofika hata nusu ya ada, ilhali mwenzake anayetoka katika nyumba yenye nafuu amepata. Wengi huhitimisha kwamba mikopo hutolewa kwa kujuana. Nimekaa na vijana wengi wakijaza maombi haya, nimeyasoma yaliyofaulu na yasiyofaulu, na katika mengi niliyoyaona sababu ilikuwa nyingine kabisa. Umaskini wa kijana ulikuwa wa kweli, lakini haukuwa umeandikwa mahali popote ambapo Bodi ingeweza kuusoma.

Bodi hiyo, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, hupokea maombi ya nchi nzima katika kipindi kifupi sana. Hakuna ofisa atakayefika kwenu kuona paa linalovuja, wala kuzungumza na bibi aliyekulea. Kinachofika mezani kwao ni fomu iliyojazwa katika mfumo wa mtandaoni uitwao OLAMS pamoja na viambatisho vyake, na uhitaji wako hupimwa kwa yale uliyoyathibitisha humo. Yatima asiye na cheti cha kifo cha mzazi atahesabiwa kama mtoto ambaye wazazi wake wote wako hai. Aliyesomeshwa na mfadhili katika shule ya kulipia, lakini hana barua ya mfadhili huyo, ataonekana kuwa ni mtoto wa mzazi aliyemudu ada kubwa kwa miaka yote ile. Kwa sababu hiyo nimefikia kuamini kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kuomba mkopo hufanyika kabla dirisha halijafunguliwa, tena hufanyika zaidi katika ofisi za vyeti na za watendaji kuliko mbele ya kompyuta.

Tazama kalenda yenyewe. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei. Dirisha la maombi kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka na kufungwa karibu na mwisho wa Agosti, ingawa ipo miaka ambayo muda huongezwa. Katika miezi hiyo hiyo wahitimu wengi wako katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, mbali na nyumbani, bila nafasi ya kufuatilia karatasi katika wilaya waliyozaliwa. Kijana anayesubiri tangazo la Bodi ndipo aanze kutafuta vyeti atajikuta anampigia simu mama yake siku chache kabla ya dirisha kufungwa, naye mama anahangaika kati ya ofisi mbili zenye foleni ya watu walio katika hali kama yake. Ushauri wangu kwa wazazi wenzangu na kwa wanafunzi walioko kidato cha tano ni kwamba vyeti vyote viwe vimekamilika, vimehakikiwa na kuhifadhiwa kabla ya likizo ya Desemba ya kidato cha sita kwisha. Baada ya hapo kijana asome kwa ajili ya mtihani wake kwa utulivu.

Masharti ya jumla hayana utata. Mwombaji awe Mtanzania, umri wake usizidi miaka 35 wakati wa kuomba, awe amehitimu kidato cha sita au sifa inayolingana nayo ndani ya miaka mitano iliyopita, awe amepata udahili katika chuo kinachotambuliwa, na asiwe na ajira au mkataba unaompa kipato cha uhakika. Kila mwaka Bodi hutoa mwongozo wa uombaji, ambao hupatikana bure katika tovuti yake na huandikwa pia kwa Kiswahili, na kila mwombaji anapaswa kuusoma wa mwaka wake mwenyewe kwa sababu baadhi ya mambo hubadilika. Mimi huwaomba wanafunzi wausome wakiwa pamoja na mzazi au mlezi, kwa sauti, kwa kuwa mtu atakayekwenda kufuatilia vyeti mara nyingi ni huyo mzazi, na ni haki yake kujua anachokitafuta.

Sasa nije kwenye vyeti, kwa maana hapa ndipo wengi hukwama. Cheti cha kuzaliwa hakitoshi kuwepo. Lazima kihakikiwe na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, kwa waliozaliwa Tanzania Bara, au na wakala wa usajili wa matukio ya kijamii kwa waliozaliwa Zanzibar. Vivyo hivyo cheti cha kifo cha mzazi. Uhakiki huo hufanyika kwa njia ya mtandao na una malipo yake madogo, lakini majibu yake yanaweza kuchelewa pale ambapo kumbukumbu za zamani hazionekani katika mfumo, na msimu wa mikopo unapowadia maombi huwa ni mengi mno. Anayehakiki vyeti vyake mapema hupata muda wa kurekebisha kasoro. Anayehakiki wiki ya mwisho hupata tu taarifa kwamba kasoro ipo.

Kasoro inayoongoza ni majina. Mtoto aliandikishwa shule ya msingi kwa jina alilolitaja mjomba aliyempeleka, cheti cha kuzaliwa kikaja kutafutwa miaka mingi baadaye kwa jina la ubatizo, na cheti cha kidato cha nne kikatoka na mchanganyiko wa yote mawili. Wakati mwingine tofauti ni herufi moja tu, kama vile Ally katika cheti kimoja na Ali katika kingine, na familia huiona kuwa ni jambo dogo kwa sababu kila mtu anajua ni mtu yule yule. Mfumo hauna namna ya kujua hivyo. Ikiwa majina yametofautiana, yashughulikiwe kisheria kwa hati ya kubadili au kuoanisha majina inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa, na jambo hilo lifanyike kijana akiwa bado yuko shuleni. Liangaliwe pia jina la mzazi, ambalo watu husahau kabisa. Nimewahi kuona cheti cha kifo chenye jina ambalo marehemu alitumia kazini, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto chenye jina la ukoo. Kwa karatasi zile mbili, aliyefariki hakuwa baba wa mwombaji.

Kuhusu cheti cha kifo chenyewe, naomba niseme kwa upole, kwa kuwa ni jambo linalogusa majeraha. Familia nyingi, hasa vijijini, huzika kwa kibali cha mazishi na kuishia hapo, kwani siku za msiba hakuna anayewaza kuhusu usajili, na baada ya msiba hakuna anayetaka kurudi kwenye ofisi kuandikisha kifo. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo na hakiwezi kutumika badala yake. Kifo kilichotokea miaka mingi iliyopita bado kinaweza kusajiliwa, safari ikianzia kwa mtendaji wa mtaa au wa kijiji na kuendelea hadi ofisi ya usajili ya wilaya, lakini huchukua muda, huhitaji mashahidi na maelezo, na humlazimisha mjane kusimulia upya mambo ambayo alikuwa ameanza kuyatua. Ndiyo maana nasihi kwamba kazi hii ifanywe na ndugu mtu mzima, baba mdogo au shangazi, asiachiwe mama peke yake wala mtoto peke yake. Pale ambapo ukoo umeshindwa kuchangia ada, huu ni mchango ambao unaweza kuwa na thamani kubwa kuliko fedha ambazo wangezitoa.

Lipo kundi ambalo huniumiza zaidi, nalo ni watoto ambao baba zao wako hai lakini hawajulikani walipo, au wanajulikana na hawajawahi kutoa hata shilingi. Yatima ana cheti cha kifo. Mtoto mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, ana fomu inayothibitishwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Kaya maskini iliyo katika mpango wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ina namba yake ya usajili. Mtoto aliyetelekezwa hana karatasi ya aina hiyo, na kwa maoni yangu hili ni pengo ambalo wenye mamlaka wanapaswa kuliangalia kwa makini, kwa sababu ukubwa wa shida yake haupungui kwa kuwa baba anapumua mahali fulani. Kwa sasa ninachoweza kumshauri kijana huyo ni kueleza ukweli kuhusu anayemlea na kipato cha mlezi huyo, na kutumia kila uthibitisho mwingine ambao kaya inao, iwe ni namba ya TASAF, iwe ni barua ya aliyemfadhili. Asikubali kamwe kushawishiwa kutafuta cheti cha kifo cha mtu aliye hai. Wapo wanaouza uongo huo, na uhakiki wa RITA uliwekwa kwa ajili ya kuukamata. Anayebainika hupoteza mkopo na kujiingiza katika jinai akiwa hata hajaanza masomo.

Wenye namba ya TASAF wahakikishe kwamba namba wanayoiandika ni ile iliyo katika kumbukumbu za mpango na kwamba jina la mnufaika wa kaya limeandikwa kama lilivyosajiliwa. Anayeweza kuwasaidia ni mratibu au kamati iliyo karibu nao. Barua ya mfadhili nayo ipatikane mapema, kwa sababu mashirika hubadilisha watumishi, wamisionari huhama, na mfadhili binafsi anaweza kuwa ameshaondoka nchini. Nimeona wanafunzi waliosoma katika shule za gharama kubwa kwa ufadhili kamili wakihukumiwa na sifa ya shule yao, na barua ya ukurasa mmoja ndiyo ambayo ingesimulia habari tofauti.

Dirisha likishafunguliwa, kujaza fomu si kazi ngumu kwa aliyejiandaa. Namba ya mtihani wa kidato cha nne inayotumika kuomba mkopo iwe ile ile iliyotumika kuomba udahili wa chuo, na aliyerudia mtihani aziorodheshe namba zake zote. Ada ya maombi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 30,000 na hairudishwi, hulipwa kwa kumbukumbu namba inayotolewa na mfumo wenyewe. Mtu yeyote anayedai fedha nyingine ili jina lako lipite ni tapeli, hata akijitambulisha kwa cheo gani.

Vijana wengi hujazia maombi yao stationari, na siwalaumu, kwa kuwa nyumbani hakuna kompyuta wala mashine ya kuskani. Ninachowasihi ni kukaa mbele ya kioo wenyewe. Namba ya simu na barua pepe zinazoingizwa ziwe za mwombaji au za mtu wa familia, na neno la siri alijue yeye na aliandike mahali salama. Nimekutana na vijana ambao akaunti zao zilifunguliwa kwa namba ya simu ya mhudumu wa duka, na ilipofika wakati wa kurekebisha kiambatisho kilichokataliwa, mhudumu alikuwa ameacha kazi na hakuna aliyeweza kuingia. Wahudumu wale wana wateja wengi kwa siku na hawajui kwamba baba yako alikuwa na majina mawili. Wewe ndiye unayejua.

Fomu ikishajazwa huchapishwa, na hapo huanza mzunguko wa saini: mwombaji mwenyewe, mdhamini, kiongozi wa serikali ya mtaa, kijiji au shehia, na kamishna wa viapo, ambaye anaweza kuwa wakili au hakimu. Mdhamini aelezwe anachokisaini. Ni wajibu wa kisheria juu ya deni, na mlezi ambaye hajasomewa maneno ya mkataba hatendewi haki anapoambiwa tu kwamba aweke dole gumba hapa. Kurasa zilizosainiwa kisha huskaniwa na kupakiwa tena katika mfumo, na baada ya hapo maombi huwasilishwa rasmi. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayowapoteza watu waliokwisha kufanya kazi yote. Wanarudi nyumbani na fomu iliyojaa mihuri, wakiamini wamemaliza, ilhali katika mfumo maombi yao bado hayajawasilishwa. Usiondoke pale ulipo kabla hujaona kwa macho yako kwamba mfumo umeyapokea, na utunze nakala ya kila karatasi uliyoipakia.

Majina hutolewa kwa awamu, na mwombaji huona katika akaunti yake amepangiwa kiasi gani na kwa vipengele vipi. Hapa familia zinahitaji kuelewa kwamba kupata mkopo hakumaanishi kwamba gharama zote zimekwisha. Mkopo una vipengele tofauti: ada ya mafunzo, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti, na mafunzo kwa vitendo. Ada hulipwa moja kwa moja chuoni. Fedha za chakula na malazi, ambazo wanafunzi huziita bumu na ambazo zimepangwa kwa kiwango cha juu cha shilingi 10,000 kwa siku, huingia kwa mwanafunzi mwenyewe kwa vipindi. Ikiwa ada ya programu ni shilingi 1,500,000 kwa mwaka na umepangiwa asilimia 60 ya ada, shilingi 600,000 zinabaki juu ya familia, na chuo kitazidai. Hesabu hiyo ifanyike wiki ile ile majina yanapotoka, ukoo ukiwa umeketi pamoja, badala ya kuja kugundua pengo hilo wakati wa mitihani ambapo asiyekamilisha ada anaweza kuzuiwa kuingia.

Tena, fedha za mkopo hazimsubiri mwanafunzi getini siku anapowasili. Ni lazima kwanza asajiliwe na chuo, taarifa zake zithibitishwe, kisha asaini kupitia dawati la mikopo la chuo, na anayechelewa kusaini anaweza kukuta fedha zake zimerudishwa Bodi. Kwa hiyo wiki za mwanzo huendeshwa kwa fedha za nyumbani: nauli, kodi ya chumba, chakula, na malipo ya usajili ambayo mkopo hauyagusi. Wazazi wanaosikia kwamba mtoto amepata mkopo na kutumia akiba yao kwa jambo jingine huwaweka watoto hawa katika majaribu makubwa, hasa mabinti, katika mji ambao hawana mwenyeji.

Deni hili hulipwa. Kwa mujibu wa sheria, marejesho huanza miezi 24 baada ya kuhitimu, na mwenye ajira rasmi hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyokuwa ikiongeza deni mwaka hadi mwaka, iliondolewa mwaka 2021, na nafuu hiyo ilikuwa kubwa. Naunga mkono urejeshaji kwa moyo wote, kwa kuwa fedha zinazorudi ndizo zinazosaidia kumpeleka chuoni mtoto mwingine, ila nasisitiza kwamba kijana ajue tangu siku anaposaini ni nini kitakatwa, na kwamba anakopa kwa ajili ya masomo peke yake.

Wanaosoma stashahada nao wasijione wametengwa, kwani tangu mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo hutolewa pia kwa baadhi ya programu za ngazi hiyo, na waliofanya vizuri sana katika masomo ya sayansi kidato cha sita wanao ufadhili wa Samia ulioanza 2022/2023, ambao haurejeshwi.

Kwa aliyekosa, au aliyepangiwa kidogo kuliko hali yake, ipo rufaa. Bodi hufungua dirisha la rufaa baada ya awamu za kawaida, na rufaa yenye nguvu ni ile inayoleta uthibitisho ambao haukuwemo mwanzoni: cheti cha kifo kilichochelewa kuhakikiwa, fomu ya ulemavu, barua ya mfadhili. Barua ndefu ya kusikitisha isiyo na kiambatisho kipya haina pa kushikia. Na ikiwa rufaa nayo haikufaulu, mwanafunzi aliyefanikiwa kuanza masomo kwa michango ya ndugu anaweza kuomba tena akiwa mwaka wa pili au wa tatu, mradi awe amefaulu mitihani yake na anaendelea na masomo. Kwa kijana wa namna hiyo, kazi ya kurekebisha majina na kuhakiki vyeti ianze mara tu anapopata majibu, akiwa likizo nyumbani, karibu na ofisi ya wilaya ambako kumbukumbu zake ziko.